Ukingo wa Dari na Barabara ya Voi

Mazungumzo ya ibada yaliyosomwa redioni
Fungu: Kumbukumbu la Torati 22:8

  Ndugu dereva, uliyeegesha lori lako pale Maungu ukingoja chai ipoe kabla hujaendelea na safari, leo tunataka kusema nawe hasa, na pia na yule mwenye motokaa ndogo atakayekukuta njiani baada ya nusu saa.

Fungu letu ni fupi, na wengi wetu hulipita upesi tunaposoma Biblia. Mungu aliwapa Waisraeli agizo juu ya ujenzi. Mtu akijenga nyumba mpya, alitakiwa kuweka ukingo kuzunguka dari, ili asianguke mtu kutoka juu, na hatia ya damu ikaja ikaikalia nyumba ile.

Ni lazima tukumbuke jinsi nyumba za nchi ile zilivyokuwa. Dari zake zilikuwa tambarare, na watu walipanda juu kwa shughuli nyingi. Rahabu aliwaficha wapelelezi darini, chini ya mabua ya kitani. Petro naye alipanda darini kule Yafa ili aombe. Palikuwa ni mahali pa wenyeji na wageni, wakubwa kwa watoto. Kwa hiyo Mungu akasema ukingo uwepo.

Angalieni, wapenzi, jambo lililo ndani ya agizo hili. Mwenye nyumba hujenga ukingo kabla mtu hajaanguka. Humjengea mgeni ambaye bado hajafika, ambaye hata jina lake halijui. Tena ukingo humgharimu mawe, chokaa na siku za kazi, na faida yake haionekani kwa macho, maana mtu aliyeokolewa na ukingo hashuki chini kutoa shukrani. Yeye hajui hata kwamba alikuwa karibu kuanguka. Huo ndio upendo ambao Mungu aliuandika katika sheria: upendo wa kumkinga mtu tusiyemjua.

Sasa na tushuke kutoka darini, tusimame kando ya barabara yetu hapa Voi.

Ninyi mnaoijua hamhitaji kuelezwa. Inatoka bandarini Mombasa, inapita Mariakani, Samburu, Taru, Mackinnon Road na Maungu, inafika Voi, kisha inaendelea Ndi, Manyani na Mtito Andei kwenda Nairobi. Sehemu kubwa ya njia hiyo gari moja linakwenda na jingine linarudi, na katikati yao ni mstari wa rangi tu. Pale Voi inachepuka barabara nyingine ya kwenda Mwatate, Bura, Maktau na Taveta, mpaka Holili kwa ndugu zetu wa Tanzania. Pande mbili za barabara kuu ziko mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na ndovu huvuka humo usiku bila kumuuliza mtu.

Reli mpya ilipoanza kubeba mizigo mwaka 1918 ukiongeza miaka mia, yaani mwanzoni mwa 2018, wako waliodhani kwamba malori yatakwisha. Hayakwisha. Bado yanapita mchana na usiku, yakienda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo, na mengine yakishuka kutoka Taveta yamejaa ndizi.

Wako wanaoyatazama malori hayo kama adui. Tunawasikia wakisema, "Haya malori yatatumaliza." Lakini hebu tujiulize: mabati yaliyoezeka kanisa letu yalifikaje? Unga, sabuni, dawa za zahanati, daftari za watoto, hata Biblia iliyo mkononi mwetu, vilifikaje? Zamani mizigo ilipita nchi hii vichwani mwa wapagazi. Mwaka 1848 Johannes Rebmann alipita hapa Taita akienda Uchaga, na katika safari hiyo akauona mlima Kilimanjaro. Mwaka 1883 J. A. Wray akaanza kazi ya Injili kule Sagalla. Wajumbe hao hawakufika peke yao. Walikuwako watu waliobeba mizigo katika nyika ya Taru isiyo na maji, na majina yao wengi hayakuandikwa. Dereva wa lori ni mrithi wa wapagazi wale. Amebeba mzigo wetu. Tumheshimu.

Na wewe dereva wa lori, mwenye motokaa ndogo si nzi anayekusumbua. Mara nyingi, Ijumaa jioni, motokaa ile imetoka Mombasa imejaa ndugu wanaokwenda Mwatate au Wundanyi kumzika mzee wao Jumamosi. Mna mama mjane kiti cha nyuma, na mtoto amelala magotini pake. Wamechoka kwa kulia, na wanataka kufika kabla usiku haujawa mkubwa. Hapo ndipo hatari ilipo, maana huzuni na haraka vikikaa pamoja kwenye usukani, akili huondoka. Wako waliokwenda kuzika mtu mmoja, na kijiji kikalazimika kuchimba kaburi la pili.

Tunasema haya kwa sababu si mambo madogo. Katika kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024, zaidi ya watu 4,000 walikufa katika barabara za Kenya, na kundi kubwa kuliko yote ni la watu waliokuwa wakitembea kwa miguu. Kila mmoja alikuwa na kiti chake mezani mahali fulani.

Basi, ukingo wa barabarani hujengwa kwa nini? Tutataja mawe manne ya ukingo huo.

Jiwe la kwanza ni nafasi.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki juu ya uzito wa magari inaruhusu lori lenye ekseli 7 kufikia tani 56 pamoja na mzigo wake. Motokaa ndogo ni tani moja na kidogo. Mzigo mkubwa namna ile hausimami kwa kukanyaga breki mara moja. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari lolote linakwenda mita 22 katika kila sekunde moja. Kabla dereva hajaona, hajafikiri na mguu wake haujafika kwenye breki, lori limekwisha kula mita nyingi, na baada ya hapo ndipo linaanza kupunguza mwendo.

Kwa hiyo dereva mwenye busara huacha nafasi mbele ya lori lake. Mwenye motokaa akiiona nafasi ile, hufurahi, akajipenyeza ndani, kisha akafika kwenye matuta na kukanyaga breki. Ndugu yetu, nafasi ile haikuwa mahali patupu. Zilikuwa ni breki za mwenzako, nawe umeziondoa. Umebomoa ukingo wa dari, kisha ukaketi pale pale palipobomoka.

Na tuseme juu ya kulipita lori. Lori la trela lina urefu wa mita 17 hivi. Likiwa linakwenda kilomita 60 kwa saa, nawe unalipita kwa kilomita 80, utahitaji kama sekunde 11 tangu utoke nyuma yake hadi urudi upande wako salama. Katika sekunde hizo utakwenda mita 240. Na gari linalokuja mbele yako kwa kilomita 80 nalo litakwenda mita 240. Jumla yake ni karibu nusu kilomita ya njia nyeupe. Yakiwa ni malori matatu yaliyofuatana, utahitaji zaidi sana. Je, una nusu kilomita hiyo? Unaiona yote, mpaka mwisho, bila kona na bila kilima? Kama huioni, kaa nyuma.

Tena hesabuni gharama ya kukaa nyuma. Kutoka Maungu hadi Voi ni kama kilomita 30. Ukizienda zote nyuma ya lori kwa kilomita 60 kwa saa, utatumia nusu saa. Ukizienda kwa kilomita 80, utatumia dakika 22 na nusu. Tofauti haifiki dakika 8. Wazee wetu walisema, kutangulia si kufika. Ni wangapi wamenunua dakika 8 kwa bei ya maisha yao yote, na ya watu waliowapakia?

Na wewe dereva wa lori, ukingo huu ni wako pia. Malori yanapofuatana matano, pua kwa mkia, mwenye motokaa hana mahali pa kujificha akitokea gari mbele. Acheni nafasi kati yenu, ili mdogo apate pa kuingia. Usiongeze mwendo mtu anapokupita. Mwache apite, arudi upande wake, nawe uendelee na safari yako.

Jiwe la pili ni ukweli.

Barabarani hatusemezani kwa midomo. Tunasemezana kwa taa. Madereva wa malori katika Afrika Mashariki wana lugha yao: akiona gari linakuja mbele, huwasha taa ya kulia kumwonya aliye nyuma asipite. Njia ikiwa nyeupe, huwasha ya kushoto. Desturi hii imesaidia wengi. Lakini ni mapatano ya wasafiri, na taa zile zile zina maana nyingine. Taa ya kulia yaweza kusema, "Nakata kulia." Ya kushoto yaweza kusema, "Natoka barabarani nisimame." Mtu anaweza kufa kwa sababu ya kusikia vibaya neno moja la taa.

Bwana Yesu alifundisha, katika Mathayo 5:37, kwamba usemi wetu uwe wa kuaminika, ndiyo yetu iwe ndiyo kweli. Tunaamini kwamba fundisho hilo linafika hata kwenye taa za gari. Dereva wa lori, wewe umeketi juu, unaona mbali kuliko aliye nyuma yako. Usimwite kwa taa kama huna hakika, wala usifanye mchezo. Na wewe wa nyuma, taa ya mwenzako ni shauri, si amri. Yeye atakuonyesha, lakini macho ni yako, na hesabu ya roho za abiria wako utaulizwa wewe.

Tena kumbuka kwamba dereva wa lori haoni kila mahali. Akiwa mbele na trela refu nyuma yake, aliye karibu sana na mkia hamwoni kabisa. Ukitazama kioo chake cha pembeni na huoni uso wake, jua kwamba naye haoni wako. Rudi nyuma kidogo, mpaka muonane. Usiku zimisha taa kali unapokutana na mwenzako, maana kumpofusha mtu anayekuja kwako kwa kasi ni kujitafutia mauti mwenyewe.

Jiwe la tatu ni pumziko.

Katika Kumbukumbu la Torati 5:14, Mungu alipoamuru siku ya kupumzika, aliwataja watumishi pia, wa kiume na wa kike. Bwana wa nyumba hakupewa ruhusa ya kustarehe hali mtumishi wake anaendelea kusaga. Hapa tunasema nanyi wenye malori, maana baadhi yenu mnaketi nasi kanisani, na sadaka zenu zimejenga nyumba nyingi za Mungu. Dereva aliyetoka bandarini baada ya kungoja mzigo mchana kutwa, kisha akaambiwa awe Malaba kesho, hana muda wa kulala. Atalala pale nyikani, kati ya Manyani na Mtito Andei, macho yakiwa wazi na mikono ikiwa kwenye usukani. Mwenye lori asiseme, "Mimi sikuwako." Nyumba ni yake, na dari haina ukingo.

Dereva naye asijidanganye kwa majani ya kutafuna wala kwa kinywaji. Usingizi haudanganyiki. Voi ipo, Maungu ipo, Mtito Andei ipo. Toka kabisa nje ya lami, egesha, ulale. Mzigo uliochelewa hufika. Dereva aliyekufa hafiki.

Jiwe la nne ni kuondoa kikwazo.

Lori likiharibika njiani, mara nyingi tunaona matawi yamekatwa na kutandazwa barabarani nyuma yake, ili wanaokuja wapate onyo. Ni jambo jema, ingawa alama za pembetatu zenye kung'aa ni bora zaidi usiku. Magurudumu nayo huwekewa mawe makubwa, lori lisirudi nyuma. Halafu fundi anafika, lori linatengenezwa, dereva na taniboi wake wanapanda na kwenda zao kwa furaha. Na mawe? Mawe yanabaki pale pale kwenye lami. Usiku unaingia. Anakuja kijana wa pikipiki kutoka kazini, taa yake hafifu, nyumbani wanamngoja.

Sheria ya Musa, katika Kutoka 21:33-34, inamsema mtu aliyechimba shimo akaliacha wazi, na mnyama wa mwenzake akatumbukia. Alitakiwa kulipa. Kama Mungu aliona ng'ombe na punda walioangukia shimo la mtu mwingine, je, hamwoni kijana wa pikipiki? Jiwe lile lilikusaidia wewe, ndugu. Likimaliza kukusaidia, liondoe. Ni kazi ya dakika moja, na pengine hakuna kazi ya dakika moja iliyo kubwa kuliko hiyo mbele za Mungu.

Wapenzi wasikilizaji, tumesema na madereva. Lakini wengi wetu hatuna gari. Je, sisi tunaoishi kando ya barabara tumesamehewa agizo hili? La. Watoto wetu huvuka kwenda shule. Tuwafundishe kutazama pande zote mbili, na kuvaa kitu cheupe wanapotembea gizani. Ng'ombe na mbuzi wetu tuwachunge, wasilale kwenye lami yenye joto. Na ajali inapotokea, tukumbuke ile barabara ya Yeriko katika Luka 10. Wawili walimwona mtu aliyejeruhiwa, wakapita. Msamaria akasimama. Kuna jambo ambalo hata wale wawili hawakulifanya: hawakumpekua majeruhi wapate kuchukua kilichobaki. Lori linapopinduka na watu wakakimbilia mzigo hali dereva anaugua ndani, tumekuwa wabaya kuliko Mlawi. Tena ni hatari kwetu wenyewe. Tarehe 31 Januari 2009, kule Sachang'wan karibu na Molo, watu walikusanyika kuchota petroli iliyomwagika kutoka lori lililopinduka. Moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Mkono uliokwenda kuchota ungeweza kwenda kuokoa.

Basi tunarudi kwenye swali aliloulizwa Bwana wetu: jirani yangu ni nani? Jirani wa kijijini tunamjua. Tunajua jina lake, shamba lake na wagonjwa wake. Jirani wa barabarani hatumjui. Tunaona bamba la namba tu, na vumbi. Tutakuwa pamoja naye kwa sekunde 11, kisha hatutamwona tena mpaka siku ya Bwana. Lakini katika sekunde hizo maisha yake yamo mikononi mwetu, na yetu yamo mikononi mwake. Hakuna ujirani ulio wa karibu kuliko huo.

Wiki hii, kila mmoja wetu na ajenge ukingo wake. Mwenye motokaa, kaa nyuma mpaka uone. Mwenye lori, acha nafasi, sema kweli kwa taa zako, lala unapochoka, ondoa jiwe lako. Mwenye mali, mpe dereva wako muda. Hakuna atakayekushukuru, maana utakayemwokoa hatajua. Mungu anajua.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyewalinda baba zetu katika nyika ya Taru, utulinde na sisi tunaosafiri leo. Uwakumbuke madereva walio mbali na wake zao na watoto wao, uwape macho yaliyo macho na mioyo iliyotulia. Uwape subira wote wanaoharakisha kwenda misibani, wafike, walie pamoja na ndugu zao, na warudi. Uwafariji wale ambao mtu wao alitoka asubuhi na hakurudi. Utufundishe kumpenda jirani tusiyemjua uso, kama Mwanao alivyotupenda sisi tulipokuwa tungali mbali. Kwa jina lake Yesu Kristo tunaomba. Amina.

Safari njema, wapenzi, na Bwana awafikishe.